Skonzi katika Koti la Mchungaji

Saa kumi alasiri bekari ya ng'ambo ya barabara ilifungua tanuri, na hapo ndipo taabu ya Afande ilipoanza. Harufu haikubisha hodi. Ilivuka barabara, ikapita juu ya vichwa vya watu waliopanga foleni, ikaingia dirishani na kumkalia shingoni pale alipoinamia cherehani. Alijaribu kufunga dirisha. Joto la pasi likamtoa jasho mpaka likadondokea vitambaa vya wateja, na harufu ikapenya vilevile chini ya mlango.

Watu wa mtaa walimjua kwa jina hilo la Afande, ingawa maishani mwake hakuwahi kugusa sare nyingine zaidi ya zile alizowashonea wanafunzi. Jina alipewa na mumewe, mtunza ghala wa kiwanda cha rangi, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amlaze pema. Mume yule aliugua kisukari kwa miaka mingi, na mkewe ndiye aliyemlinda. Alimlinda kwelikweli. Kabati la chakula lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa fundi pamoja na futi kamba. Mume akirudi kazini alisimamishwa mlangoni anuswe mdomo.

"Fungua."

"Afande, leo nimekunywa maji matupu."

"Fungua, nasema."

"Haya, nimefungua. Kama huamini chukua tochi, ushuke mpaka tumboni."

Majirani waliosikia walishika mbavu, jina likaganda.

Wiki ya mwisho ya uhai wake, marehemu hakuwa tena na nguvu za mzaha. Aliomba mkate. Hakuomba mkate mzima. Aliomba kile kipande cha mwisho kilichokaushwa na moto, ambacho watoto hukitupa. "Kidogo tu, mke wangu. Nikiweke mdomoni." Afande akamjibu kwamba akipona atakula. Alijua hatapona, daktari alikwisha kumweleza, lakini alisema hivyo. Marehemu akageukia ukuta, hakuomba tena kitu chochote. Msibani wanawake wa kanisa walimsifu fundi kwa sauti. Walisema mke wa namna ile ni zawadi kutoka juu, amemtunza mumewe mpaka pumzi ya mwisho bila kulegea. Aliinamisha kichwa na kuzipokea sifa zile. Siku nyingine aliamini kwamba zilikuwa zake kwa haki.

Kabla ya mwaka kwisha, alianza kuamka na kiu isiyozimika na macho yenye ukungu. Binti yake, ambaye ni muuguzi na ndiye mtoto wake pekee, akampima hapo nyumbani, mezani, kati ya sahani na chumvi.

"Mama, na wewe una kisukari."

Binti hakutafuta kufuli. Alimwambia mama yake waache wote wawili mkate, wali, viazi, uji na sukari, mmoja asimtamanishe mwenzake. Asubuhi wakawa wanakula mayai na mchicha, mchana samaki kwa kabichi, jioni nyama kidogo na bamia au biringanya. Siku za mwanzo Afande aliumwa kichwa, akawa mkali kwa wateja, na mara mbili akakata mikono ya gauni ikawa yote ya kushoto. Aliota viazi. Aliota amekaa kwenye sufuria ya viazi kama mtu aliyekaa kwenye beseni la kuogea.

"Hamu ikikushika usipigane nayo," binti alimfundisha. "Kunywa maji. Inuka, tembea mpaka kona urudi. Ikikataa, tafuna karanga kiganja kimoja. Ni kama wale wateja wako wasionunua, mama. Watapapasa vitambaa vyote, watauliza vyote, halafu wataondoka."

"Na asipoondoka?"

"Nipigie simu. Nitakusemesha mpaka aondoke."

"Hutaninusa mdomo?"

"Siwezi kukunusa, mama. Wewe si mtoto, na mimi si wewe."

Alisema akicheka, na mama akacheka, lakini neno lile lilimkaa.

Afande alifuata yote. Alikunywa maji mpaka tumbo likawa linatoa sauti akitembea. Alikwenda kona na kurudi mpaka fundi viatu wa pale akamuuliza amepoteza nini. Aliomba. Alimwomba Mungu aiondoe ile harufu, na Mungu hakuifunga bekari. Mara moja alipiga simu. Binti alipokea kwa kunong'ona, "Mama, nina mgonjwa mkononi, ngoja kidogo," na nyuma yake mtu mzima alikuwa akilia kwa maumivu. Afande akakata simu. Aliona haya kubwa. Mwanamke wa umri wake anaingilia wodi ya wagonjwa kwa sababu amesikia harufu ya mkate! Hakupiga tena.

Siku ya kwanza alipovuka barabara alimwambia muuza mikate kwamba amepata mgeni. Alinunua skonzi moja, akaila nyuma ya lile pazia ambalo wateja hujaribia nguo, akiwa amesimama, uso ukutani. Aliila haraka mno. Alipomaliza hakukumbuka ladha yake, na hilo ndilo lililomsikitisha. Akafagia makombo pamoja na vipande vya uzi, akasukutua mdomo, akatafuna majani ya mnanaa. Hakuna aliyemfundisha mbinu hizo. Alizijua kwa sababu ndizo alizokuwa akimkamata nazo mumewe.

"Mgeni wako amerudi tena?" muuza mikate alimuuliza siku chache baadaye.

"Amerudi."

"Huyo sasa si mgeni, Afande. Mpe jembe alime."

Binti alikuwa akimpima kila Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo Jumamosi ilipokaribia Afande alikuwa mtakatifu, anakula kabichi kama anayelipwa, na mashine ikatoa namba za kupendeza. Kipimo kikishapita alianguka. Binti hakuona ila zile namba. Alizifurahia kama mtoto aliyeletewa viatu vipya. Kila Jumapili baada ya ibada, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, aliwafundisha watu wenye kisukari namna ya kula, na kila Jumapili alimtaja mama yake.

"Mama yangu ni mjane, ana kazi ya kukaa, na bekari iko mlangoni kwake. Ameweza. Na ninyi mtaweza."

Watu walipiga makofi. Afande alitazama viatu vyake.

Ijumaa moja alikuwa akimalizia koti jeusi la mchungaji. Bitana lilikuwa limechanika na mfuko wa ndani umetoboka. Alifumua mshono wa zamani, akatia bitana jipya, akashona mfuko mpya mrefu, wa kukaa miwani na kitambaa cha jasho. Akalipiga pasi. Kisha, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwenda vizuri, akajipa ruhusa, ijapokuwa kesho yake ilikuwa siku ya kipimo. Alirudi na skonzi ya moto bado, na alikuwa ameing'ata mara moja tu aliposikia hatua za binti yake barazani. Binti alikuwa ametoka kazini mapema.

Pazia lilikuwa mbali. Nguo aliyovaa haikuwa na mfuko. Koti lilikuwa mbele yake, na mkono wake ukaufuata mfuko ulioushona wenyewe. Skonzi ikazama ndani, mfuko ukaifunika.

"Mama, koti la mchungaji tayari?" binti aliuliza kabla hata hajavua viatu. "Nipe. Napita kwao, mama mchungaji anataka nimtazame mguu."

Afande alionyesha pasi kwa kidole, kana kwamba koti bado halijapigwa.

"Limeshapigwa pasi, mama, si hili bado la moto?" Alilikunja akaliweka mkononi. "Mbona umebana midomo? Jino?"

Afande akaitika kwa kichwa. Tonge lilikuwa bado mdomoni, linayeyuka, na hakuthubutu kulimeza mbele ya mtoto wake.

"Tutalitazama nikirudi. Pole, mama."

Alikuwa na nafasi ya kumwita. Mwendo wa kutoka mlangoni mpaka lango la nje ulitosha kumwita mtu hata kwa sauti ya chini. Hakumwita. Alimeza, akapiga magoti kando ya cherehani, na jambo la kwanza alilomwomba Mungu lilikuwa kwamba mchungaji asitie mkono mfukoni. Aliposikia alichokuwa anakiomba, alinyamaza na kuinuka.

Jumapili, baada ya ibada, chumba cha nyuma kilijaa. Binti hajamaliza kupanga vipimo vyake mezani, mke wa mchungaji, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu shambani, ambaye naye ana kisukari, akainua mkono.

"Muuguzi, nina swali. Jana jioni mzee wangu kavaa koti lake, kaingiza mkono kutafuta miwani. Katoa nini? Skonzi!"

Chumba kikalipuka.

"Ngojeni, sijamaliza! Imeng'atwa! Mzee akanitazama mimi. Nikamwambia, baba, miaka yote hii hunijui? Mimi nikiikamata skonzi naweza kuiacha nusu?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia viti. Msusi wa saluni ya sokoni, ambaye ulimi wake haupumziki hata akiwa na chanuo mdomoni, akadakia. "Na koti lililetwa na nani?"

"Alilileta muuguzi mwenyewe, kwa mkono wake!"

"Ala! Kumbe daktari wetu! Sisi tunatafunishwa kabichi mpaka tumeanza kulia kama mbuzi, mwenzetu njiani anajipoza!"

Binti alifungua mdomo kukanusha. Afande alimwona. Kisha akaona uso wa mwanawe ukisimama, kama mtu aliyekumbuka kitu, na macho yakageuka polepole mpaka yakamfikia yeye, kwenye kiti cha nyuma, na midomo yake iliyobana. Hayakukaa hapo muda mrefu.

"Njaa ilinishika njiani," binti alisema. "Mnisamehe, jamani. Mimi pia ni mtu."

Walimsamehe kwa kicheko. Lakini kila alipofika kwenye neno mkate, mtu mmoja alinong'ona "na skonzi je?" na somo likayumba. Afande alikaa kimya. Alijiambia atasema somo likiisha, na somo lilipoisha akajiambia atasema nyumbani.

Nyumbani hakusema, na binti hakuuliza. Alipika, akapakua, akasema bamia zimeshika chini kidogo, asijali. Siku ya pili hivyohivyo. Afande angependa afokewe. Angependa hata asimamishwe mlangoni anuswe. Kimya kile kilimpeleka bekari kuliko harufu ilivyowahi kumpeleka. Alivuka barabara kila siku, mara nyingine mara mbili, akala nyuma ya pazia huku machozi yanamtoka, na akirudi kwenye cherehani alimwona marehemu amegeukia ukuta. Jumamosi binti alipoleta mashine, alisema ana wateja, apimwe siku nyingine. Binti aliirudisha kwenye mkoba wake.

Siku hiyohiyo mchana alikuja mama mmoja muuza mboga kupimwa gauni. Alikuwa mwanafunzi wa lile darasa tangu mwanzo.

"Bintiyo siku hizi anaitwa Muuguzi Skonzi, umesikia?" alisema, mikono juu, futi kamba ikimzunguka kiuno. "Msusi kaeneza mji mzima. Hata kliniki wanamsalimia hivyo."

"Na yeye anasemaje?"

"Anacheka tu, masikini. Lakini mimi darasani siendi tena, Afande, nisikufiche. Kama mwenye kutufundisha ameshindwa, mimi nitaweza wapi? Jana nimepika wali wangu, nimeshiba, nimelala."

Afande alipiga magoti kupima urefu wa gauni. Mguu wa yule mama ulikuwa umevimba, na kati ya vidole kulikuwa na kidonda kidogo kilichopakwa unga wa dawa. Alikijua kidonda cha namna ile. Alikiosha kwenye mguu wa mumewe kwa miezi mingi.

"Njoo kesho," alimwambia. "Mara moja tu. Njoo kwa ajili yangu."

Kesho yake viti vingi vilikuwa vitupu. Muuza mboga alikuja, akakaa karibu na mlango. Msusi alikuja, pengine kwa kutafuta habari mpya. Binti alipofungua somo kwa sala, Afande alisimama kabla watu hawajamaliza kuitikia amina.

"Ile skonzi ilikuwa yangu."

Kisha msusi akavuta pumzi kwa huruma.

"Jamani, mapenzi ya mzazi!"

"Nasema kweli. Niliificha mimi kwenye koti, mtoto akalichukua bila kujua."

"Mama anamkinga mwanawe," alisema mke wa mchungaji, na macho yake yakalowa. Alimshika fundi mkono. "Mungu akubariki, dada yangu, lakini sisi tunakujua. Afande ale skonzi? Mimi nilikuwepo pale kando ya kitanda. Marehemu alikuomba kipande kikavu, cha mwisho wa mkate, na ukasema hapana. Mwanamke aliyesimama imara namna ile ndiye leo ajifiche na mkate?"

Wakampigia makofi. Walimpigia kwa moyo mweupe kabisa, na yeye alisimama katikati ya makofi yale akitamani sakafu ifunguke. Alimtazama binti yake. Binti alikuwa ameinamia meza, anapanga pamba ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Afande alitoka kwenye safu yake, akavuta kiti, akakaa mbele ya meza na kunyoosha kidole.

"Nipime."

"Mama, si lazima."

"Nipime hapa, wakiona. Namba usome kwa sauti."

Binti alifuta kidole, akachoma. Tone lilitoka, akalipeleka kwenye mashine. Kila mtu mle ndani alijua muda ambao mashine ile huchukua, na kila mtu aliungoja. Binti akaitazama namba. Hakuisoma.

"Soma, mwanangu."

Akasoma.

Hakuna aliyecheka. Katika chumba kile hata asiyejua kuandika jina lake alijua maana ya namba kama ile. Msusi aliketi taratibu, mkoba kifuani. Mke wa mchungaji alifungua mdomo na, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, akaufunga bila kutoa kitu.

"Nimekula jana," Afande alisema, akiendelea kutazama kidole chake. "Nimekula juzi. Leo nimekula kabla ya kuja kanisani, nikaimba pambio na makombo bado kwenye meno. Mtoto huyu hajagusa mkate tangu siku aliponipima. Amechekwa kwa ajili yangu wiki nzima na mimi nikiona." Akawageukia waliompigia makofi. "Na hayo ya marehemu msinisifie tena, nawaomba. Nilimnyima kitu nisichojua uzito wake. Yeye alikuwa akiomba, mimi nikaona anacheza."

Mtu mmoja mbele akasema "Yesu" kwa sauti ya chini. Wawili walitoka nje, na Afande hakujua wametoka kwa hasira au kwa kumwonea aibu. Muuza mboga hakutoka. Alikuja mpaka mezani akichechemea, akavua kiatu.

"Muuguzi," alisema, "nitazamie na hiki kidonda."

Binti akavuta kiti kingine, akapiga magoti. Akaushika ule mguu, na kazi ikaendelea.

Walirudi nyumbani kwa miguu, binti mbele, mama nyuma akishikilia pamba kwenye kidole kilichokwisha kukauka damu. Walipofika karibu na lango, Afande alianza, "Mwanangu..."

"Nimekasirika, mama. Usinisemeshe mpaka tuingie."

Waliingia. Binti alichemsha mayai, akayamenya amesimama, mgongo kwa mama yake.

"Si kwa ajili ya skonzi," alisema hatimaye. "Skonzi hata wagonjwa wangu wanakula, nawapima, tunaanza upya. Uliniacha. Nilikugeukia pale darasani nikadhani utasema."

"Nilikuona."

"Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuona, na sikusema. Niliona haya."

Binti alisimamisha vidole juu ya yai. "Baba naye aliona haya hivyohivyo, mama. Mbele yako." Alisema bila ukali, na ndiyo maana ilimwingia fundi mpaka mfupani.

Sahani ikawekwa mezani, mayai mawili na mboga. Binti akaketi upande wa pili na sahani yake.

"Haya. Niambie ulikula nini, tangu siku ile ya koti. Usinipunguzie."

Afande alimweleza. Alitaja zile za nyuma ya pazia, na ile aliyokula akirudi sokoni, akiwa ameficha uso kwa mtandio. Kila moja ilimtoka kwa shida, uso unawaka, na binti alisikiliza bila kuinua macho. Alipofika kwenye ya asubuhi ile, sauti ilikatika.

"Kula kwanza," binti alisema. "Yanapoa."

Afande aliinamisha kichwa kutoa shukrani kama alivyozoea, lakini maneno ya shukrani hayakuja. Alisema tu, "Bwana, nirehemu." Akakata yai, akatafuna, akameza. Kisha akaendelea kueleza ya asubuhi, kuanzia pale alipokuwa ameachia.